Bia Ambayo Sikuipeleka

Nyinyi mlioniacha Jumapili iliyopita nimesimama nje ya geti la marehemu Télesphore, natumaini mlilala vizuri. Mimi sikulala. Nilirudi Nyakabiga kwa miguu nikiutukana ukoo wa mwanawe Valéry, mtu mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaishiwa majina.

Kwa yule aliyeokota gazeti hili kwa kinyozi na hanijui, nasema kwa ufupi. Naitwa Mawazo, mtu wa Uvira, Kongo, na kazi yangu ni gitaa. Napiga blues, ile yenye kelele za rock ndani yake, katika mji ambao watu wanataka kwaya au sebene. Nikianza solo, hakosi mtu wa kwenda kumuuliza fundi kama spika imeharibika.

Aliyeniingiza katika laana hiyo ni mzee Télesphore wa Ngagara. Alikuwa mashoto kama mimi, na alikuwa na gitaa jekundu la umeme lililotengenezwa kwa ajili ya mashoto, la pekee ninalolijua Bujumbura nzima.

Msianze kuniambia nigeuze nyuzi za gitaa la kawaida. Nimefanya hivyo tangu mzee afariki. Vitufe vinakaa chini ya kiwiko, waya unachomoka katikati ya wimbo, na nyuzi nyembamba hazitulii kwenye sauti yake hata uzibembeleze. Nimefukuzwa kwenye baa mbili na harusi moja kwa sababu hiyo, na yote hayo nimewasimulia.

Kabla hajafa, mzee aliniita barazani kwake, akaniwekea gitaa lile magotini, akasema ni langu, nisiliache lilale. Siku ya mazishi mtoto wake mkubwa, Valéry, akaja kwangu na gari lake kutoka Kiriri, mtaa wa wenye fedha, akalichukua. Alisema chombo cha marehemu hakilii mpaka msiba umalizike.

Mwaka mzima gitaa langu limetundikwa ukutani sebuleni kwa Valéry. Mtu huyo hajui hata waya unaingia wapi. Analitaka kwa sababu mimi nalihitaji, basi. Tangu tulipokuwa vijana hakunisamehe kwamba baba yake alikaa na mimi jioni nzima akinifundisha, wakati yeye alitumwa akaoshe gari.

Sasa sikilizeni kilichonipeleka kwenye geti lile. Kuna mama mmoja, Elvire, Mrundi anayeishi Ubelgiji, anayepeleka wapiga blues kwenye matamasha ya huko. Alikuwa amekuja Bujumbura kusikiliza wapiga gitaa kwenye hoteli moja kando ya ziwa, Jumamosi jioni, amchukue mmoja. Alikuwa amesikia rekodi yangu ya zamani, niliyoipiga na gitaa la mzee. Kwenye simu alisema neno moja tu: njoo na sauti ile ile.

Na Jumamosi hiyo hiyo familia ya mzee ilikuwa na kuganduka, siku ya kuondoa msiba. Siku hiyo mrithi anatajwa, huzuni inafungwa, na yeyote mwenye jambo lililobaki kati yake na marehemu anasimama na kulisema mbele ya watu. Nikajiambia Mungu hajalala. Mchana nachukua gitaa, jioni napiga, mwezi ujao mnanisoma nikiwaandikia kutoka Ubelgiji.

Mke wangu Irène alikuwa na mawazo mengine.

Irène wazazi wake ni wa Uvira, lakini amezaliwa na kukulia hapa hapa, na desturi za hapa anazijua kuliko padri anavyojua misa. Asubuhi ile alivaa imvutano yake, vazi la heshima la wanawake wa Kirundi, akamwacha mtoto wetu Divin kwa jirani, akasimama mlangoni.

"Baba Divin, tupitie dukani kwa Gaspard tubebe kreti moja ya bia."

Nikamwambia bia itakuwepo ya kutosha, Valéry anapenda kuonekana. Akasema haongelei bia ya sherehe, anaongelea bia ya shukrani.

Hapa lazima niwaeleze, hasa nyinyi mnaosoma mkiwa upande wa pili wa mpaka. Hapa Burundi mtu akikupa kitu kikubwa, zamani ng'ombe, siku hizi hata shamba au pikipiki, mambo hayaishi kwa kusema asante pale pale. Unarudi siku nyingine na bia. Unamshukuru aliyekupa mbele ya watu, anakunywa, na mashahidi wanakunywa. Wenyewe wanaita gukura ubwatsi. Bia ikishanywewa, kitu ni chako na hakuna wa kukugusa. Bila bia, umeazimwa.

Irène aliniambia hayo wiki ile ile niliyopewa gitaa. Nikamjibu kwamba sisi watu wa Uvira tunashukuru kwa mdomo, hatushukuru kwa kreti. Halafu mzee akazidiwa, akafa, na mambo yakaishia hapo.

Sasa alikuwa anaurudia wimbo ule ule, na mimi kichwani nilikuwa na wimbo mwingine. Nikamwambia kama anapenda sana kuwa Mrundi angeolewa na Mrundi.

Akafunga mlango, akatangulia. Irène anaponyamaza ni vibaya kuliko akisema, lakini asubuhi ile sikuwa na nafasi ya kuangalia uso wa mtu. Tulikwenda Ngagara kila mmoja na upande wake wa barabara.

Nyinyi wasomaji wa zamani mnajua Irène amevumilia nini. Zamani nilieleza jinsi charahani yake, niliyoiuza, ilivyogeuka kuwa spika yangu, na baadhi yenu mkaandika gazetini kunitukana. Niliyasoma matusi yenu. Mmoja hata alikosea jina langu.

Tulipotoka kanisani uwanja wa marehemu ulikuwa umejaa. Mahema mawili, viti vya plastiki, wazee mbele, na wafanyakazi wenzake Valéry wamevaa miwani ya jua kivulini. Valéry mwenyewe alikaa kwenye kiti cha baba yake, kile chenye mikono ya mbao, na nyuma ya kiti aliegemeza kasha jeusi. Alikuwa amelileta. Nilipoliona nikasahau kumsalimia mtu.

Baadaye tu ndipo nilipoelewa kwa nini alilileta. Mtego hauwekwi bila chambo.

Msemaji wa familia alikuwa mzee Jovithe, mdogo wa marehemu. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema msiba umekwisha, watu wanyoe, walime, waoe, wacheze. Akamsimamisha Valéry, akasema huyu ndiye mrithi, anayemtafuta Télesphore amtafute huyu. Watu wakapiga makofi. Kisha akauliza kama kuna mwenye jambo.

Nikasimama. Nilieleza kwa adabu kabisa, na wanaonijua wanajua adabu inanichosha. Nilisema mzee alinipa gitaa, mrithi alilichukua kwa ajili ya msiba, msiba umekwisha leo, naomba nirudishiwe. Nikakaa.

Valéry hakukasirika. Alitabasamu, na hapo ningepaswa kukimbia.

"Mawazo, mi sikatai. Nauliza tu. Ile gitare baba alikupa, ulimushukuru siku gani?"

"Nilimushukuru pale pale."

"Na bia gani?"

"Alikuwa mugonjwa, Valéry. Angekunywa bia gani?"

"Bon, tuseme yeye hakunywa. Nani alikunywa kwa nafasi yake? Nionyeshe hapa mutu moja mwenye alikunywa."

Nikageuka kuangalia zile nyuso. Watu wa mtaa ule walinijua tangu nilipokuja na begi moja, walikula nami, walicheza kwa gitaa langu. Wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na siku ile niliiona kamba yangu mbele ya umati.

Nikamwita Mama Olga, mjane wa mzee. Yule mama alikuwa akiingia na kutoka siku niliyopewa gitaa, na nilijua hawezi kudanganya siku ya kumfungia mume wake msiba. Alisimama polepole akashika bega la binti yake.

"Nilisikia akimuambia ni yake. Nilikuwa nabeba uji, nilisikia na masikio yangu," akasema. "Lakini bia, apana. Sikuonja."

Akakaa. Mama yule sijui nimchukie vipi. Alisema kweli mbili, na ya pili ikaila ya kwanza.

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mzee Jovithe akatoa hukumu, na nilipoisikia niligundua kwamba Valéry alikuwa akiisubiri tangu asubuhi. Zawadi ipo, alisema, mama ameisikia. Kinachokosekana ni shukrani. Aliyetoa hayupo, lakini kiti chake kina mtu. Basi Mawazo alete bia leo leo, apige magoti mbele ya mrithi kama ambavyo angepiga mbele ya baba, ashukuru, mrithi anywe, achukue gitaa lake aende. Hakuna aliyedhulumiwa.

Watu wakaitikia kwamba ni vizuri. Ilionekana rahisi kweli kwa mtu ambaye magoti si yake.

Valéry akanyoosha miguu. Naapa kwenu, alivinyoosha viatu vyake mbele kidogo, kama mtu anayeandaa mahali pa kuweka mzigo. Vilikuwa vipya.

Ningeweza kupiga magoti. Najua mnachosema, mnasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee Jovithe alilisema hilo hilo akinitazama kwa huruma. Lakini mimi nilimkumbuka mtu yule siku ya mazishi, alivyonipokonya gitaa huku udongo wa kaburi bado uko kwenye suruali yangu. Kumpigia magoti yeye, na kumshukuru kwa kitu changu mwenyewe? Damu ilipanda, ulimi ukatangulia.

"Mi sipigii magoti mutu mwenye anatundika gitare ku ukuta kama kalenda," nikasema. "Mwaka muzima munaita msiba, mi naita wizi."

Wanawake wakashika midomo. Neno wizi siku ya kuganduka, chini ya hema la mjane. Hata mimi nililisikia likitua, na sikulirudisha. Mzee Jovithe akaniambia nitoke nje nikapoe. Nilitoka bila kupoa.

Nje ya geti nilimpigia Anouar, anayekodisha vyombo vya muziki mjini. Nilimuuliza kama ana gitaa la mashoto, hata bovu. Akacheka, akasema kwa miaka yote ya biashara yake mashoto ni mimi na marehemu, na marehemu alikuwa na lake. Nilimkatia simu akiwa bado anacheka.

Simu ikaita tena, nikadhani ni yeye nikapokea kwa tusi. Alikuwa Elvire.

Hakulijali lile tusi, au alijifanya hakusikia. Alisema ameniweka nipige mwisho, kwa sababu mimi ndiye aliyekuja kunisikiliza, wengine ni heshima tu. Jua likigusa milima ya upande wa pili wa ziwa nipande jukwaani. Akauliza kama gitaa ni lile lile la kwenye rekodi.

Nikasema ndiyo, ninalo hapa mkononi. Mkononi nilikuwa na sigara.

Akasema vizuri, kwa sababu kusema kweli wapiga gitaa wanaojua kukimbiza vidole amewapata wengi, ila sauti ile hajaipata mahali pengine. Kisha akaniaga.

Nikakaa kwenye jiwe la mtaro. Niwaambie ukweli, nililia, na nilikuwa na hasira ya kulia. Nina umri wa mtu ambaye hataitwa tena. Vijana wanapiga kompyuta. Kama nisingekwenda na yule mama, ningebaki Nyakabiga nikifundisha watoto wa kwaya nyimbo tatu mpaka vidole vikauke, na Valéry angekuwa anapita na gari akipiga honi. Ilikuwa leo au basi.

Wakati nikifuta macho, mwanaume mmoja akaja na kreti ya bia kichwani kutoka dukani ng'ambo ya barabara, akaomba njia. Nikampisha. Nikafikiri, hata bia ya sherehe yenyewe haikutosha, na huyu Valéry ndiye anayejiita mkubwa wa watu.

Kutoka ndani yakasikika makofi, halafu sauti ya mwanamke mmoja akiongea peke yake. Sikuisikiliza. Nilikuwa nimeshaamua. Ningeingia, ningepita nyuma ya hema upande wa jikoni, ningenyakua kasha nyuma ya kiti na kukimbia mpaka barabara ya lami. Waniite mwizi. Kwa kuwa neno nilikuwa nimeshalitamka mimi mwenyewe, halingewashangaza.

Nikazima sigara, nikaingia.

Nilipita nyuma ya hema, nikachungulia kati ya mapazia. Kasha lilikuwa pale pale. Mbele ya kiti cha Valéry palikuwa na kreti ya bia, na mbele ya kreti mwanamke alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, ameshika chupa kwa mikono miwili.

Niliijua shingo ile kabla ya kulijua vazi. Alikuwa Irène.

Alikuwa akizungumza Kirundi, kile cha heshima ambacho mimi sikiwezi, ila kukielewa nakielewa. Alimshukuru mzee Télesphore kwa kitu alichokileta nyumbani kwetu. Alisema kuna siku kitu hicho kilitulisha na kuna siku kilitulaza na njaa, lakini zawadi haichagui siku, na aliyetoa alitoa kwa moyo mweupe. Alisema alitaka kuja tangu zamani. Akaomba msamaha kwa kuchelewa, na kwa maneno yaliyosemwa siku ile chini ya hema la mama. Hakunitaja jina.

Mama Olga alikuwa anafuta macho kwa ncha ya nguo.

Valéry aliikodolea macho ile chupa. Nadhani hakupanga hivyo. Alitaka magoti yangu, akaletewa ya mtu ambaye hana ugomvi naye, na kukataa shukrani iliyosemwa vizuri namna ile mbele ya wazee ni kujipaka matope mwenyewe. Akaipokea. Akanywa. Akampa mama yake, akanywa, mzee Jovithe akanywa, chupa nyingine zikafunguliwa, zikazunguka kwa wazee. Makofi yakalia uwanja mzima.

Nikajitokeza pale penye pazia. Sitasema sikuona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Bia imenywewa, kitu ni changu, hakuna wa kunigusa, na magoti yangu ni safi. Nilipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye kasha, nikainama kulibeba.

Mzee Jovithe akaniwekea fimbo yake kifuani.

Alisema ningoje kidogo. Aliniuliza kama nilikuwepo shukrani ilipotolewa. Nikasema nilikuwa nje. Akauliza kama mimi ndiye niliyemtuma mke wangu. Nilipaswa kusema ndiyo, hata mtoto angesema ndiyo, lakini kiburi kikanijibia. Nilisema mimi sikumtuma mtu kumpigia magoti Valéry, na sitamtuma kamwe.

Mzee akageuka kumuuliza Irène kama kreti ameinunua nani. Irène akasema yeye. Akauliza aliyeshukuru ni nani. Irène akasema ni yeye, watu wameona.

Hapo ndipo Valéry alipoanza kucheka. Alianza chinichini, halafu akasimama, akachukua kasha nyuma ya kiti kwa mkono wake mwenyewe. Sijawahi kumwona ana raha kiasi kile, hata siku alipotajwa mrithi.

"Mwenye kushukuru njo mwenye kupewa," akasema. "Mi nilipokea shukrani ya Irène. Ya Mawazo sikuiona. Gitare ni ya Irène."

Akaligeukia lile kundi la wazee kuuliza kama amekosea. Wazee wakatazamana, wakatafuta mahali pa kukosoa, wakapakosa. Mama Olga akasema ni sawa. Mzee Jovithe akasema imekwisha, na akaiondoa fimbo yake kifuani pangu taratibu, kama vile kuniondolea kitu kingine.

Valéry akampa Irène kasha. Akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na mimi akanikonyeza.

Sikumjali. Jamani, kuna ubaya gani gitaa likiwa la mke wangu? Tunalala kitanda kimoja. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na kutoka Ngagara mpaka ziwani si mbali kwa pikipiki. Nikamwambia Irène alete, twende, tumechelewa.

Irène alikuwa amesimama, kasha amelikumbatia. Magoti ya imvutano yake yalikuwa na vumbi, na hakulipangusa. Alinitazama, na nikatambua kwamba hashangai. Uwanja mzima ulishangaa maneno ya Valéry, Valéry mwenyewe alijishangaa, ila yeye peke yake alikuwa ametulia.

"Baba Divin, umesikia watu? Gitare sasa ni yangu."

"Nimesikia. Lete basi."

"Nitakupa. Sikatai kukupa," akasema. "Lakini utanishukuru."

"Asante."

"Apana, si vile." Aliitazama kreti. Ilikuwa imebaki chupa moja haijafunguliwa. "Chukua ile chupa. Unishukuru hapa, mbele ya hawa watu, na useme unanishukuru nini. Usipige magoti, mi si Valéry. Useme tu. Tangu unioe sijasikia."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akamnyamazisha. Hata wale wenye miwani ya jua wakaivua.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo haya tutayaongea nyumbani. Akasema nyumbani tumeshakaa miaka, na sikuyaongea. Nikamwambia kuna mtu ananisubiri kule ziwani, maisha yetu wote watatu yako kule. Akasema anajua, ndiyo maana amenunua bia. Nikamwambia ananidhalilisha mbele ya adui yangu. Akasema adui yangu amekunywa bia yake vizuri, hana shida naye.

Hakupandisha sauti hata mara moja. Ningempenda zaidi angepiga kelele, maana kelele naziweza.

Nikageuka kumtafuta mtu wa kuniunga mkono, mwanaume yeyote mwenye mke. Mzee Jovithe alikuwa amekaa, ameweka fimbo kati ya miguu, anasubiri kama mtu aliyesikia kwamba bado kuna jambo moja. Mama Olga alisukuma ile kreti kwa mguu wake, kidogo tu, ikanisogelea. Valéry alikuwa ameegemea kiti cha baba yake, ameacha kucheka. Alikuwa anasikiliza kwa makini, yule fisadi, kama ambavyo hajawahi kusikiliza wimbo wangu hata mmoja.

Nikainama, nikaichukua chupa. Ilikuwa imeshapata joto.

Nilijua cha kusema. Msidhani sikujua. Nilikuwa na mambo mengi ya kumshukuru mwanamke yule kuliko bia zote zilizonywewa siku ile, na yote yalinijia kwa pamoja. Lakini juu yake kulikuwa na Valéry, na lile hema, na mwaka mzima, na viatu vile vipya, na yeye Irène amelikumbatia gitaa langu kwa utulivu ule ule aliokuwa nao asubuhi mlangoni, nilipomwambia angeolewa na Mrundi.

Simu ikaanza kuita mfukoni. Nilijua ni Elvire, nikaiacha iite.

Irène akasema, "Nakusikiliza, Baba Divin."

Nikamkazia macho, nikafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka halikuwa la shukrani; hivyo ndivyo nilivyofika nje ya lile geti mliponiacha, mikono mitupu.